Kusoma kwa Miguu: Siku Niliyomtafuta Lyra Mjini Oxford

Nilipokuwa kidato cha pili, maktaba ya shule yetu ilikuwa kabati moja lenye kufuli, na ufunguo alikuwa nao mwalimu wa zamu. Siku moja nilitoka humo na kitabu kinene cha Kiingereza kisicho na jalada. Sikukichagua kwa busara yoyote. Nilivutiwa na vipicha vidogo vilivyochorwa mwanzoni mwa kila sura. Nilikisoma wiki tano, kamusi mkononi, na nilipokaribia mwisho nikakuta kurasa za mwisho zimenyofolewa. Kwa miaka mitatu sikujua yule msichana aliishia wapi.

Kitabu kilikuwa Northern Lights cha Philip Pullman, cha mwaka 1995, cha kwanza katika mfululizo wa His Dark Materials. Cha pili kilitoka mwaka 1997 na cha tatu mwaka 2000. Hivyo vingine nilivipata nikiwa tayari chuoni, kwa kusoma kwenye simu usiku wakati wenzangu wa hosteli wamelala.

Mwaka jana, mwezi wa nane, dada yangu (mtoto wa mama mkubwa), ambaye ni muuguzi huko Reading, alinialika nimtembelee. Tiketi alilipa yeye; bumu langu lisingenifikisha hata Nairobi. Aliponiuliza nataka kuona nini Uingereza, nadhani alitegemea niseme Big Ben au uwanja wa Arsenal. Nikamwambia nataka kuona benchi.

“Benchi? Mdogo wangu, umekesha kwenye ndege usiku kucha uje kuangalia benchi?”

Siandiki ili kutamba kwamba nilikwenda. Nasomea ualimu, na ile siku moja ya Oxford ilinifundisha jambo kuhusu kufundisha fasihi ambalo sikulipata kwenye notsi za semista tano. Kwa hiyo chukua makala hii kama somo, na kama hujawahi kusoma vitabu hivi, kaa nami kidogo nikueleze.

Lyra ni msichana anayelelewa na wasomi ndani ya chuo kimoja cha Oxford, lakini si Oxford hii yetu. Katika dunia yake roho ya mtu haikai ndani ya mwili. Inatembea pembeni yake katika umbo la mnyama, na huyo mnyama huitwa dimoni. Dimoni wa Lyra anaitwa Pantalaimon. Katika kitabu cha pili anatokea Will, mvulana wa dunia yetu, ambaye akiwa Oxford anakuta tundu angani, kama dirisha, linaloingia dunia nyingine. Kwa hiyo kuna Oxford mbili, na mitaa mingi inafanana. Hapo ndipo safari hii inapotofautiana na nyingine.

Maana wengi wakisema wamekwenda Uingereza kutafuta hadithi waipendayo, huwa wamekwenda mahali pa kamera. Wapenzi wa Harry Potter huenda Alnwick, kasri la kaskazini lililotumika katika filamu mbili za kwanza, au kwenye korido za kanisa kuu la Gloucester, au kwenye ngazi za Christ Church hapohapo Oxford. Hata King's Cross, kituo ambacho kweli kimo kitabuni, kumewekwa toroli lililozama nusu ukutani ili watu wapange foleni wapige picha. Sina ugomvi nao. Lakini mwongozaji wa filamu ndiye aliyechagua kasri, si mwandishi. Pullman yeye alichukua mji anaoishi watu, mji aliosoma na kufundisha, akaupindisha kidogo. Ukitembea na kitabu chake mkononi unaweza kuona palepale alipopindisha.

Kabla ya kuondoka Reading nilipiga mistari kwenye daftari, safu tatu. Ya kwanza: kitabu kinasema nini kuhusu mahali hapa. Ya pili: macho yangu yanaona nini. Ya tatu: mahali penyewe panajieleza vipi, yaani vibao, maandishi ukutani, wenyeji. Kutoka Reading hadi Oxford kwa treni ya haraka ni chini ya nusu saa, na saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshuka.

Nilianzia pabaya kwa makusudi. Nilipanda basi kwenda kaskazini mwa mji, Sunderland Avenue, ambako Will anamwona paka akinyoosha mguu, kisha anatoweka hewani. Jamani, hakuna kitu pale. Ni barabara kuu yenye malori, nyumba za kawaida zimejificha nyuma yake, na safu ya miti yenye vichwa vya duara vilivyolingana. Hakuna kibao, hakuna mtalii. Nilisimama dakika ishirini nikionekana kama mtu aliyepotea, na safu yangu ya tatu ikabaki tupu. Lakini ndipo nikaelewa ujanja wa mwandishi. Angeweka dirisha la dunia nyingine kwenye mnara wa kale, usingeshtuka. Minara ya kale ndiyo kazi yake. Ameliweka mahali ambapo mtu anapita kila siku kwenda kazini bila kutazama.

Pullman aliufahamu upande huo wa mji. Alikuwa mwalimu kabla ya kuwa maarufu. Katika miaka ya 1970 na 1980 alifundisha watoto katika shule za Oxford, na kila mwaka alikuwa akiwasimulia visa vya Iliad na Odyssey kwa mdomo, bila kusoma kitabuni. Baadaye alifundisha wanaosomea ualimu, watu kama mimi. Mwenyewe alisoma Kiingereza Exeter College na kumaliza mwaka 1968 na daraja la tatu. Nawaachia hilo wale wanaopima akili kwa GPA.

Exeter College ndiyo iliyofuata. Iko Turl Street, katikati ya mji, na ilianzishwa mwaka 1314. Kitabuni mahali hapo pamekaa Jordan College, chuo kikubwa na tajiri kuliko vyote, chenye mapango chini ya ardhi na paa ambalo Lyra analipanda kutemea watu mbegu za matunda. Exeter halisi ni chuo cha kiasi tu. Ukiingia unakutana na uwanja mmoja wa majani uliozungukwa na kuta, kanisa dogo refu, na bustani nyuma ambayo ukipanda ukutani unaona kuba la Radcliffe Camera limekaa mbele yako. Nikatazama juu madirishani. Pullman amesimulia kwamba chumba chake cha mwanafunzi kilikuwa juu kabisa, na walikuwa wakitambaa kwenye mfereji wa bati la mvua kwenda chumba cha jirani. Basi paa la Lyra hilo hapo. Tamthilia ya televisheni iliyoanza mwaka 2019 ilipohitaji Jordan ilikwenda kupiga picha New College, na walikuwa na haki, panapendeza zaidi. Ila mfereji wa mvua uko Turl Street.

Nilikula mkate sokoni, Covered Market, nikatembea hadi Parks Road. Hapa naomba tukae.

Jumba la makumbusho la Pitt Rivers huingii moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye makumbusho ya viumbe, jumba la vioo na nguzo za chuma lenye mifupa ya dinosaria, ndilo ambalo mwaka 1860 walibishana kuhusu Darwin. Mwisho wa ukumbi kuna mlango. Ukivuka, mwanga unapungua na unajikuta juu ya ngazi ukitazama chini kwenye msitu wa makabati ya vioo. Lilianzishwa mwaka 1884 kwa vitu zaidi ya 20,000 alivyotoa Jenerali Pitt-Rivers, na leo mkusanyiko umezidi nusu milioni. Vitu havikupangwa kwa nchi bali kwa aina: taa na taa, vitana na vitana, ngoma na ngoma, kutoka dunia nzima. Vibao vingi ni vidogo, vimeandikwa kwa mkono.

Katika kitabu cha pili Lyra anaingia humu. Anatazama mafuvu ya kale yenye matundu, anasoma kibao, halafu anatoa aletiometa, chombo chake kinachosema kweli, na kukiuliza. Chombo kinamjibu kwamba moja ya mafuvu yale lina miaka 33,254, na kwamba kibao kimekosea vibaya. Nilipokisoma kipande hicho hosteli nilikipita haraka, nikidhani ni cha kuonyesha tu kwamba Lyra ni hodari.

Nikiwa mle ndani nikizunguka kutafuta kabati la Lyra, nilikutana na vibuyu. Vimekaa pamoja na vyombo vya maziwa vya sehemu nyingine za dunia, na kwenye kibao kimoja kuna neno Tanganyika. Nilisimama. Mama yangu mkubwa anacho kibuyu kama kile jikoni, kimefungwa kamba palepale. Kibao kilieleza chombo, mahali, aliyekileta. Aliyekitengeneza hakuwa na jina.

Na hapa lazima niseme jambo nililolisoma kabla ya kwenda, ambalo mle ndani lilibadilika uzito. Kuanzia mwaka 2017 wawakilishi wa Wamasai wa Tanzania na Kenya walianza kulitembelea jumba hilo na kuwaambia wahusika wazi kwamba vibao fulani vina makosa, na kwamba vitu vingine havikupaswa kuwepo pale kabisa. Walitambua vitano. Kimojawapo ni orkatar, bangili ambayo mtoto wa kiume hurithi baba akifa. Haiuzwi wala haigawiwi, kwa hiyo kuwepo kwake kabatini ni dalili kwamba kuna jambo baya lilitokea. Mwaka 2020 alikuja mtoto wa laiboni na chombo chake cha kupigia ramli, chenye vijiwe ndani, akaviuliza vitu vile vilitokaje nyumbani.

Soma tena sentensi hiyo, kisha mkumbuke Lyra mbele ya kabati la mafuvu. Pullman aliandika mwaka 1997, miaka 23 kabla. Sidai kwamba alitabiri. Nasema tu kwamba kipande nilichokiona pambo kilikuwa swali zito: nani ameandika kibao, na nani anaweza kukisoma na kusema hapana?

Jumba lenyewe halikuziba masikio, na hilo nalipa haki yake. Mwaka huohuo wa 2020 liliondoa kwenye maonyesho vichwa vya watu vilivyokaushwa na mabaki mengine ya binadamu, vitu ambavyo kwa miaka mingi vilikuwa kivutio kikubwa cha watoto wa shule. Mwaka 2023 ujumbe wake ulikuja huku kwetu na Kenya kwa ajili ya upatanisho, na kila familia iliyohusika ikapewa ng'ombe 49, hesabu ambayo kwa mila ya Wamasai hulipwa kwa mtu aliyeuawa. Je, inatosha? Dada yangu nilipomsimulia jioni alinyamaza kidogo, akasema, “Ng'ombe hawarudishi mwaka.” Mimi bado sijapata jibu zuri kuliko hilo.

Mwenzangu unayekwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, safu tatu hazihitaji viza. Ukiwa na Vuta n'kuvute mkononi na mitaa ya Mji Mkongwe mbele yako, unaweza kuzipiga kesho. Nilishaandaa andalio la somo la namna hiyo kwa kidato cha pili. Tahadhari yangu ni moja: wanafunzi watakimbilia safu ya kwanza na ya pili, wataweka vema pale vinapofanana na kosa pale visipofanana, halafu watafunga daftari. Usiwaruhusu. Ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo yenye kelele.

Benchi niliacha la mwisho. Bustani ya mimea ya Oxford ipo karibu na daraja la Magdalen, ilianzishwa mwaka 1621, na ni ya kale kuliko zote za aina yake Uingereza. Ulikuwepo humo msonobari mkubwa mweusi aliopenda kukaa chini yake Tolkien. Ulikatwa mwaka 2014 baada ya matawi kuanguka. Unapita kuta za mawe, unavuka hadi nyuma kabisa, na benchi hilo hapo, la mbao, la kawaida. Lyra na Will, waliozuiwa wasiishi dunia moja, wanaahidiana kila mwaka, saa sita mchana ya siku ya katikati ya kiangazi, kila mmoja akae juu yake katika dunia yake. Wasomaji wamechonga majina yao kwenye mbao hadi hakuna nafasi. Nyuma yake kuna sanamu ya dimoni zao wawili.

Nilikaa. Ilikuwa Agosti, siku yao ilishapita. Nilitegemea kulia, kwa kweli nilikuwa nimebeba na leso, lakini nilijikuta naandika tu kuhusu kibuyu, safu ya tatu ikajaa, nikageuza ukurasa.

Akaja mtoto wa kike wa miaka kama tisa au kumi, mama yake nyuma, akasimama akinitazama kwa adabu ya mtu anayesubiri zamu. Nikasogea. Akakaa, akaweka mikono magotini, halafu akaniuliza dimoni wangu ni mnyama gani.

Nikamwambia kanga. Hakumjua. Nikamchorea kwenye daftari, madoadoa na yote, akaniomba karatasi aende nayo.

Nikaichana nikampa.