Gari Linazima Barabarani, Likifika kwa Fundi Linawaka

Leo tuweke vitabu pembeni kidogo. Wengi wetu hapa Granville tunaendesha magari ya zamani, kwa sababu hela ndiyo iliyotosha. Sasa kuna ugonjwa mmoja wa magari haya unaomaliza pesa kuliko yote: gari linazima ghafla mwendoni, unakaa pembeni nusu saa, linawaka kama halikuwa lenyewe. Ukilipeleka gereji, fundi haoni kitu. Ile karatasi ya pinki ya ukaguzi nayo haikusaidii, maana inaangalia breki, matairi, taa na mikanda.

Mimi nilishabadilishiwa plagi, filta na pampu ya petroli kwa hela ya kodi ya nyumba. Wiki iliyofuata likazima tena, nikiwa Parramatta Road, lori nyuma yangu.

Kwanza usalama. Likizima, washa taa za dharura, sogea kushoto ukiwa bado unaserereka. Usukani utakuwa mzito lakini unageuka. Breki ikanyage mara moja kwa nguvu, usiipigepige, kwani msaada wake unaisha baada ya mara mbili tatu. Ufunguo usiuchomoe kabla gari halijasimama, usukani utajifunga! Shuka upande usio na magari.

Sasa somo lenyewe. Ugonjwa huu unapimwa wakati gari limekataa, kabla halijapoa. Jiulize limezimaje. Likikohoa na kuishiwa nguvu taratibu, fikiria mafuta. Likizima tu kwenye mataa, huenda mlango wa hewa wa injini umejaa masizi. Likikatika pa! kama mtu kazima swichi, tafuta umeme. Taa zote za dashibodi zikifa pamoja, anza na vichwa vya betri na swichi ya ufunguo.

Hapo hapo pembeni washa ufunguo bila kupiga stata, usikilize nyuma. Katika magari mengi ya sindano utasikia pampu ikivuma sekunde mbili hivi. Ikivuma, bado hujamaliza. Mwambie mwenzako apige stata uangalie kama plagi inatoa cheche (usiishike kwa mkono, na iwe mbali na petroli).

Hapa ndipo nilipoliwa mimi. Kuna sensa inayoiambia kompyuta kwamba krenki inazunguka. Ikinyamaza, kompyuta inakata cheche na mafuta pamoja, kwa hiyo pampu inasingiziwa bure. Waya mwembamba ndani yake ukipata joto unaachana, ukipoa unagusana tena. Rilei ya pampu nayo risasi yake hupasuka ikawa na tabia hiyo hiyo, ila hiyo inachomelewa upya kwa senti chache.

Skana za bei rahisi hazisomi magari mengi ya zamani hapa Australia. Lakini Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku chini ya boneti: unganisha TE1 na E1 kwa kiwaya, washa ufunguo bila injini, hesabu taa ya injini inavyopepesa. Namba 12 au 13 ni ishara ya mzunguko. Kabla ya kununua sensa, kagua waya na soketi yake.

Letu tulilipima nyuma ya nyumba. Injini ikinguruma, tukaipasha ile sensa kwa mashine ya kukaushia nywele. Dakika nne, kimya. Tukaiacha ipoe, likawaka. Sensa mpya nikaifunga mwenyewe kwa spana moja. Mashine ya dada wa watu sijarudisha bado.