NYANGUMI HUPIMWAJE AFYA?

Wahenga hawakukosea walipotuambia kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kiangazi kinapoingia, babu yangu husimama kando ya zizi akawatazama ng'ombe wake. Hana mzani. Hutazama nyonga, mbavu na shingo tu, kisha husema, "Huyu hatafikia mvua." Basi nilipojifunza jinsi nyangumi wanavyochunguzwa nilicheka. Kumbe wataalamu nao wanafanya kazi ya babu!

Kwanza tuelewane: nyangumi si samaki, ati kwa kuwa anaishi majini. Huvuta hewa kwa mapafu, huzaa na hunyonyesha. Leo tumtazame nyangumi wa kijivu wa Bahari ya Pasifiki. Majira ya joto huwa kaskazini, karibu na Alaska, akila vidudu jamii ya kamba wanaokaa kwenye matope. Baridi ikija hushuka mpaka Baja California, nchini Meksiko, na huko majike wengi huzaa. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 16,000, na njiani hula kidogo sana. Anategemea shahamu, yaani mafuta yaliyo chini ya ngozi. Akiba haiozi, lakini huisha!

Sasa, mnyama wa tani 30 utampandisha mzani upi? Njia ni hizi:

1. Picha za kutoka mashuani. Hutazamwa pale nyuma ya kichwa. Aliyenona amejaa, aliyekonda ana bonde. Tena hutazamwa kama mfupa wa bega na uti wa mgongo umejitokeza.

2. Picha za kutoka angani. Hurushwa ndege ndogo isiyo na rubani. Kwa kuwa kimo chake kinajulikana, urefu na upana wa nyangumi hupimwa kwenye picha, vikalinganishwa.

3. Kuhesabu. Watu hukaa ufukoni California wakihesabu wanaopita, hasa akina mama wenye ndama. Mama akikosa shahamu, ndama huwa wachache.

4. Kupasua mizoga iliyotupwa pwani, ili kujua chanzo cha kifo.

Mbona taabu yote hii? Mwaka 2019 mizoga ilianza kuonekana kwa wingi kutoka Meksiko hadi Alaska. Kufikia mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa imehesabiwa 690. Nyangumi hao walikuwa kama 27,000 mwaka 2016, lakini hesabu ya majira ya 2022 na 2023 ilipata kama 14,500 tu. Baadhi ya mizoga iliyochunguzwa ilikuwa imekonda vibaya. Wataalamu walieleza kuwa chakula kilikuwa kimebadilika kule Aktiki. Kwa hivyo njaa haikuanzia njiani, ilianzia malishoni.

Hata kwetu wapo. Nyangumi wenye nundu hufika Watamu kuanzia Julai hivi, wakitoka bahari ya kusini kabisa, nao husafiri kwa shahamu hiyo hiyo. Babu hangoji ng'ombe aanguke ndipo ajue kuna njaa. Nasi tukingoja mizoga, tutakuwa tumechelewa.

Maswali ya chama:
(a) Kwa nini mama mwenye ndama huhitaji shahamu nyingi zaidi?
(b) Nyumbani kwenu, mnyama aliyekonda hutambuliwaje? Waulize wazee, kisha njoo utueleze.