Kabla ya Kununua Kadi ya Video ya Amiga

Commodore Amiga 2000, iliyotoka mwaka 1987, ina kitu ambacho kompyuta nyingi za nyumbani za enzi zake hazikuwa nacho: nafasi maalumu ya kadi ya video, na chipu zinazokubali kufuata mapigo ya saa kutoka nje. Kwa sababu hiyo unaweza kuifunga jenloku. Kifaa hiki huifanya kompyuta iende mstari kwa mstari na picha ya kamera au ya kanda, kisha kila palipo na rangi namba sifuri ya kompyuta, video hupenya na kuonekana. Andika majina ya maharusi kwa rangi nyingine yoyote, yatakaa juu ya picha yao. Kwa mtu anayeanza, nasema bila kusita: jenloku inatosha.

Wanaotaka makubwa hutafuta Video Toaster ya NewTek, kampuni iliyokuwa Topeka, Kansas. Kadi hiyo iliingia sokoni mwaka 1990 kwa takriban dola 2,400. Hupokea video nne, huhama kutoka moja hadi nyingine kwa madoido, tena ilikuja na LightWave 3D, programu iliyotumika baadaye kuchora vyombo vya angani vya tamthilia ya Babylon 5. Ni kazi ya ajabu kwa kadi moja.

Lakini Toaster ni ya NTSC tu, mfumo wa Marekani na Japani wenye mistari 525. Kenya na Tanzania zilitumia PAL, kama Uingereza, yenye mistari 625. Kubadili mpangilio wa skrini kwa programu hakusaidii, maana saa ya Amiga ya PAL hupiga kwa kasi nyingine. Basi mwulize muuzaji mfumo wa kadi, wa kompyuta na wa kamera, vyote vitatu, kabla hujatoa pesa. Kanda ya VHS nayo picha yake huyumba. Ukitaka kuiingiza kwenye Toaster utahitaji kifaa cha kuituliza, na hicho hununuliwa peke yake.

Kama haja yako ni kunasa picha tuli, Digi-View ya NewTek hiyohiyo huchomekwa penye waya wa printa. Husoma nyekundu, kijani na buluu kwa zamu, kwa hiyo kinachopigwa picha kisitikisike.

Sasa fungua kasha. Kwenye ubao mama, karibu na prosesa, kuna betri ya kuchaji iliyolehemiwa. Ikizeeka huvuja na kula njia za shaba. Mpe fundi aing'oe hata kama bado inaonekana nzima. Palipovuja pasafishwe kwa siki nyeupe, kisha kwa spiriti, pakauke kabisa.

Usichomeke wala kuchomoa jenloku mashine ikiwa imewashwa, usije ukaunguza chipu. Commodore ilifilisika mwaka 1994, na chipu zake asilia hazitengenezwi tena.