Ukisubiri Usaili, Usiache Siku Zijiendee

Mhitimu akirudi nyumbani Makutupora, Dodoma, miezi ya mwanzo haimsumbui. Anapumzika, anasalimia ndugu, anaingiza vyeti Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi serikalini. Shida huanza siku zinapofanana: kuamka saa nne, kushinda na simu, kukwepa njia yenye majirani wanaouliza, "Vipi, bado?"

Hali hii si ngeni. Mwaka 1933 mtafiti Marie Jahoda na wenzake walichapisha utafiti wa Marienthal, kijiji cha Austria ambako kiwanda cha nguo kilifungwa. Watu walikuwa na muda tele, lakini waliazima vitabu vichache kuliko zamani, na wanaume walitembea kwa kujikokota. Baadaye Jahoda alieleza kuwa kazi, mbali na mshahara, humpa mtu ratiba, watu wa kuonana nao, lengo la pamoja, hadhi na shughuli.

Anza na ratiba, mdogo wangu. Kwa mfano, Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mizabibu hupogolewa. Mwombe mkulima mzoefu akufundishe kushika mkasi asubuhi, jua halijawa kali. Atakuonyesha kuhesabu macho ya tawi kabla ya kukata. Ukikata ovyo, umekata mavuno. Umesomea uhasibu? Mtengenezee mkulima huyo daftari la dawa, vibarua na mauzo. Kituo cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinachotafiti zabibu kipo hapo hapo Makutupora, nenda ukaulize. Ila mkubaliane mapema posho na mwisho wa kujitolea, maana kujitolea kusiko na kikomo kunavunja moyo. Ajira Portal ipe saa yake moja jioni, kisha weka simu chini.

Wazazi, msidanganywe na yule aliyekuwa mpangilifu na mwenye bidii tangu utotoni. Utafiti uliotumia takwimu za Ujerumani na kuchapishwa 2010 ulionyesha kuwa watu wa namna hiyo ndio huumia zaidi wakikaa bila kazi kwa muda mrefu. Ukimya wake msiuite uvumilivu kabla hamjamuuliza.

Nawe uliyeajiriwa, kutuma hela ya vocha hakutoshi. Mpigie mwenzako, mfanyishe usaili wa majaribio, mwombe ushauri kwa jambo analolijua kuliko wewe.

Mhitimu akipoteza usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Akisema heri afe, usimwache peke yake hata kidogo; ondokeni naye kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Hospitali ya Mirembe, ya taifa ya afya ya akili, iko hapa hapa Dodoma mjini.