SOMO LA ROBO HII: GETI NA TELA
Kupanua lango la kiwanja cha ghala



Katika ziara zetu za ufuatiliaji wa miradi Kibondo na Kasulu, kamati za ghala zimekuwa zikituuliza swali moja: lori lenye tela haliingii uwanjani, je, tubomoe geti? Tumeona vema kulijibu kwa somo zima. (Mlango mwembamba anaoutaja Bwana katika Mathayo 7 ni habari nyingine. Huo tusiupanue.)

Viwanja vingi vya sharika na vikundi vilizungushiwa uzio wakati mgeni mkubwa alikuwa Land Rover au Canter. Geti la mita 3 au 3.5 lilitosha kabisa. Malori makubwa tuliyazoea kwanza kwa sababu ya wakimbizi: wa Burundi mwaka 1993, wa Kongo mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ilipofunguliwa, na wa Burundi tena mwaka 2015. Hayo yalikwenda kwenye maghala ya mashirika. Sasa lami inapofika kwenye barabara ya Kigoma hadi Nyakanazi, wanunuzi wa mahindi na maharage wanakuja na semi au pulingi, nao wanataka kupakia mlangoni mwa ghala la kikundi.

Lori likibaki barabarani, gharama haionekani kwenye daftari lakini ipo. Tani 30 ni magunia 300 ya kilo 100. Kutoka mlango wa ghala hadi barabarani kukiwa na mita 60, njia hiyo inatembewa mara 300 na mzigo mgongoni na mara 300 kurudi. Vijana wanachoka, mvua inanyesha, gunia linaanguka kwenye tope, na mnunuzi anapunguza bei. Usiku ukiingia, mzigo unalala nje na mlinzi mmoja.

Hata hivyo, kabla ya kugusa ukuta, kamati ikae na kuhesabu, kama yule mjenzi wa mnara katika Luka 14. Tela kubwa linakuja mara ngapi kwa mwaka? Likija mara mbili tu, ushauri wetu ni kuliacha geti lilivyo. Kodini Fuso lihamishe mzigo hadi mahali pa wazi ambapo semi linaweza kusimama. Safari nne au tano zinamaliza kazi. Mmepata faida ya lami bila kununua hata nondo moja.

Likija kila wiki wakati wa mavuno, basi tupime. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa maana wanapima upana wa tela peke yake. Tela lina upana wa mita 2.5 hivi, kwa hiyo fundi anasema geti la mita 4 linatosha. Ni kweli, ikiwa lori linaingia likiwa limenyooka. Lakini mitaa yetu ina upana wa mita 6 au pungufu, na lori linatakiwa kukata kona ya nyuzi 90. Semi linapokata kona, magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya kichwa. Yanakatiza kwa ndani, na kwa semi la kubeba kontena la futi 40 tofauti hiyo inaweza kufika mita 3 na zaidi kona ikiwa kali. Ndiyo maana nguzo ya upande wa ndani wa kona ndiyo inayogongwa kila mara. Ukitazama nguzo zenye makovu mjini Kasulu utaliona hilo.

Njia rahisi ya kupima bila mhandisi ni hii. Nendeni uwanja wa mpira. Chora kwa majivu upana wa barabara yenu, pamoja na mtaro wa upande wa pili na nguzo ya umeme kama ipo. Simamisha vijiti viwili mahali pa geti. Mwombeni dereva anayewaletea mzigo aingie na kutoka mara tatu, mkimlipia mafuta, na utingo wake aweke alama kila tairi la nyuma linapopita. Sogezeni vijiti mpaka aingie bila kusita. Upana mtakaoupata, ongezeni nusu mita kila upande. Mara nyingi mtaona ni mita 7 au 8. Wengine wataona ni afadhali kurudisha geti ndani mita 5 au 6 na kujenga kuta mbili za mshazari kama bawa, kwani hapo geti lenyewe linaweza kuwa jembamba zaidi.

Dereva wetu hukaa kulia. Anaporudi nyuma akielekeza tela upande wake wa kulia, analiona kwa dirisha lake. Akilielekeza kushoto, anategemea kioo na sauti ya utingo. Kwa hiyo pangeni lori lifike kutoka upande ambao geti litakuwa kulia kwa dereva. Pulingi ni shida zaidi, maana linajipinda mahali pawili, na madereva wengi hawapendi kulirudisha nyuma. Hilo linahitaji kuingia kwa mbele na kugeukia ndani, na duara la kugeuza lori kubwa lina kipenyo cha mita 25 hivi. Uwanja wenu ukiwa hauna nafasi hiyo, kupanua geti hakutasaidia pulingi.

Sasa ujenzi. Fanyeni kiangazi, kati ya Juni na Septemba. Kuta zetu nyingi ni za tofali za kuchoma zilizojengwa kwa udongo. Ukiondoa nguzo, kipande cha ukuta kinachobaki hakina kitu cha kukishikilia. Kabla ya nyundo ya kwanza, kitegemezeni kwa mirunda pande zote mbili, na mbomoe kuanzia juu, tofali kwa tofali. Msivute ukuta kwa kamba na lori. Watoto wakae mbali. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza mwenye nyumba kuweka ukingo juu ya dari ili damu ya mtu isiwe juu yake, nasi tunaona agizo hilo linaihusu kamati ya ujenzi moja kwa moja.

Nguzo mpya ishuke hadi udongo mgumu, si chini ya sentimita 90, iwe ya zege la 1:2:4 na nondo nne zenye ringi. Mwagilieni maji siku saba. Geti lisitundikwe kabla ya siku 28, hata kama mchomeleaji ameshalileta. Bawa la geti la mita 3.5 ni zito na litalala baada ya miezi michache, kwa hiyo wekeni gurudumu chini ya ncha yake. Msiweke boriti juu ya lango, kwani kontena juu ya tela linapita mita 4 kwenda juu. Pembeni wekeni mlango mdogo wa watu, ili geti kubwa lisifunguliwe kwa ajili ya mama aliyebeba ndoo.

Barabara ikiinuliwa na mtaro kuchimbwa, wekeni kalavati la kubeba lori lenye mzigo, na mteremko uwe wa taratibu, la sivyo tumbo la semi litagusa ardhi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na za wilaya na mitaa chini ya TARURA tangu 2017. Nendeni huko kabla ya kujenga. Chini ya Sheria ya Barabara ya 2007 hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na nguzo nzuri ndani ya hifadhi itawekewa alama ya X kama mbaya.

Jirani wa ng'ambo naye aombwe mapema. Kichwa cha lori kitapita mbele ya nyumba yake kila wiki, pengine juu ya ukingo wa shamba lake la mihogo.

Kwa mazungumzo ya kikundi: Ni nani kati yenu atakayesimama nyuma ya lori kila linaporudi nyuma, na ni nani atakayewazuia watoto? Tela likikatwa na kuachwa uwanjani wakati wa masika, miguu yake itakanyaga nini ili isizame?