Je, Akili Mnemba Inaijua Fasihi?

Swali: Najiandaa kwa mtihani wa fasihi. Naweza kuitegemea akili mnemba inichambulie riwaya ya Kusadikika ya Shaaban Robert?

Jibu: Itumie, ila usiitegemee. Programu hizi huunda jibu kwa kukisia neno linalofuata, kutokana na maandishi yaliyotumika kuzifunza, na ya Kiswahili ni machache. Zaweza kuzieleza dhamira vizuri, lakini pia zaweza kubuni majina, matukio na nukuu bila kusita. Ijaribu: nani alimshtaki mhusika Karama, na kwa kosa gani? Riwaya yenyewe inajibu: Waziri Majivuno, kwa kufundisha uanasheria. Ikikupa nukuu, itafute kitabuni. Usiyoikuta humo, usiiandike kwenye mtihani.