Ekeveria kwenye joto la Dar: niliyojifunza chungu baada ya chungu

Ekeveria yangu ya kwanza ilikufa katikati ya masika, ikiwa imeshiba maji. Asubuhi moja niligusa jani la chini kabisa, likabaki mkononi bila hata kuvutwa. Lilikuwa limelainika kama jeli, mwanga unapita ndani yake, na pale liliposhikana na shina pamekuwa peusi. Kufikia jioni yalikuwa yamedondoka matano. Nilipoung'oa mmea, mizizi ilikuwa imeoza yote. Nikakigeuza chungu: chini hakikuwa na tundu hata moja.

Naishi Dar es Salaam, na nawaandikia hasa wenzangu wa pwani, maana maelekezo mengi ya maua haya yameandikwa na watu wa nchi za baridi, na shida zao si zetu.

Ekeveria ni yale maua ya chungu yenye majani manene yaliyojipanga kwa mzunguko kama waridi lililochanua. Kwao hasa ni Meksiko. Jina limetokana na Atanasio Echeverría, mchoraji wa mimea wa huko, na aliyempa heshima hiyo mwaka 1828 ni mtaalamu wa mimea Augustin de Candolle. Aina nyingi huota milimani, kwenye miamba isiyotuamisha maji, ambako mchana ni jua na usiku ni baridi. Tena mimea hii hufunga vitundu vyake vya hewa mchana ili isipoteze maji, ikavifungua usiku. Usiku wetu wa Februari, wenye joto na jasho, haufanani na usiku ule hata kidogo. Ndiyo maana watu wa Arusha, Lushoto na Nairobi huiotesha kwa raha, na sisi lazima tuisaidie.

Msaada mkubwa ni udongo. Udongo mweusi wa bustani peke yake hushika maji siku nyingi mno. Mimi huchanganya sehemu moja ya udongo wenye mboji na sehemu mbili za kokoto ndogo, ukubwa wa punje ya mahindi, au matofali ya kuchoma yaliyopondwa. Ukitumia mchanga, uwe wa mto. Wa baharini una chumvi. Mimina maji juu: yakituama, ongeza kokoto. Chungu kiwe cha udongo wa kuchoma, chenye tundu, kisizidi sana upana wa mmea. Na zile sahani za kukingia maji, mimi nimeshaziondoa zote.

Kuhusu maji, usifuate kalenda. Liulize jani. Libonyeze la chini taratibu: likiwa gumu, liache; likiwa limelegea na limeanza kukunjamana, mwagilia asubuhi mpaka maji yatoke chini, kisha subiri. Wakati wa kiangazi kwangu hufika siku nane au kumi. Masika naweza kumaliza wiki tatu bila tone, vyungu vyote vikiwa chini ya paa la kibaraza. Mimina kwenye udongo, si katikati ya ua, kwa kuwa maji yanayolala kwenye kitovu chake huleta uozo. Yakiingia, nayapuliza kwa mrija.

Jua lazima ilipate. Kibaraza changu kinatazama mashariki, kinapata jua tangu linapochomoza hadi saa nne, na hilo linatosha. Ikikosa mwanga hurefusha shingo na majani huachana. Ukitoka nayo kivulini, izoeshe kidogo kidogo, la sivyo majani yataungua. Na ule unga mweupe juu ya majani si vumbi! Ni nta inayoikinga na jua. Ukiifuta kwa kidole, alama hubaki mpaka jani hilo lizeeke.

Iliyorefuka shingo haitupwi. Ikate kwa wembe safi, ukiacha kishina cha sentimita mbili au tatu, uiweke kivulini siku nne au tano hadi kidonda kikauke, ndipo uipande. Kisiki nacho hutoa machipukizi. Hata jani moja hutosha, ilimradi ulizungushe litoke zima na kitako chake. Nililaza kumi juu ya udongo mkavu. Baada ya wiki tatu hivi, sita yakatoa vinyuzi vya rangi ya waridi, kisha kiua kidogo kama punje ya choroko, kimekamilika, majani yote yamejipanga. Jani mama hunyauka polepole likikilisha. Usilinyofoe.

Ukiona vijidudu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya majani, viguse kimoja kimoja kwa kijiti cha pamba kilichochovywa kwenye spiriti, urudie baada ya wiki.

Kama upo pwani na ndiyo kwanza unaanza, ushauri wangu ni kuanza na graptopetalamu, ndugu yake ekeveria mwenye rangi ya kijivu. Huvumilia joto na unyevu zaidi, na jani lake huota kwa urahisi mno. Mkono ukishazoea, nenda kwa ekeveria.

Na kama tayari unayo nyumbani, leo kabla ya kulala nyanyua chungu chako uangalie chini. Kama hakina tundu, hamisha mmea kesho asubuhi.